Mwiko una mwenyewe

Juzi nilikuwa nakula kwa mama mmoja anayeuza muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe pale Kambu. Dereva wa lori, mteja wake wa kila siku, akaonja, akakunja uso.

"Mwaitu, mama yangu, leo chumvi umesahau."

Mama akaonja, akacheka. "Ni kweli, mwanangu. Pole." Akaongeza chumvi.

Dereva akapata nguvu. Akainuka, akafunua sufuria, akachukua mwiko akoroge mwenyewe.

Mama akamshika mkono polepole, kama anayemtoa mtoto karibu na moto. "Ulimi wako nausikiliza. Mwiko ni wangu."

Nikaogopa mama amempoteza mteja. Lakini dereva aliketi, akamaliza, akanyoosha sahani aongezwe.

Marehemu mama yangu alikuwa akisema, hata mkwe anayependwa hulishwa sebuleni, si jikoni.