Sauti ya MiG Kibanjani

Mume wangu anapenda ndege za vita. Wenzake hapa Buhembe, Bukoba, wanapenda mpira, wanapenda pombe ya rubisi. Yeye anapenda MiG. Wako kikundi kizima, wanatumiana picha kwenye simu tangu asubuhi, na Jumapili wakitoka kanisani wanahamia uani kwangu kubishana kuhusu vita vya Kagera. Hakuna hata mmoja wao aliyepigana. Mkubwa wao, mwalimu mstaafu, alikuwa bado mwanafunzi. Fundi simu hakuwa amezaliwa, wala mume wangu.

Jumapili hiyo walikuwa hao watatu. Ubishi uleule: ndege iliyopita juu ya vibanja vyetu vya migomba ikidondosha mabomu ilikuwa MiG kumi na saba au ishirini na moja?

"Ishirini na moja," fundi akasema. "Pua yake ina koni. Soma, mzee."

"Nisome nini? Mimi niliiona kwa macho. Mabawa yamerudi nyuma kama ya mbayuwayu. Kumi na saba hiyo."

"Uliiona ukiwa umelala kifudifudi, Mwalimu?"

Wakacheka. Nikapiga magoti, nikawapa buni za akamwani watafune, nikaenda kando kuanua nguo. Jikoni, kwenye banda la nyuma, nilimwacha mama mkwe akimenya ndizi, na binti yangu wa miaka mitatu kando yake akichezea maganda.

Fundi alikuwa amekuja na spika, ile kubwa ya kupigia muziki harusini. Nikamsikia akisema, "Tumalize ubishi. Injini hazifanani sauti. Naanza na kumi na saba. Mwalimu, fumba macho usikilize."

Sijui niieleze vipi sauti ile. Ilianza kama mluzi, ikawa ngurumo, halafu kama mtu anachana bati juu ya kichwa chako. Kuku walitawanyika. Nilirudi jikoni na malalamiko ya kumwambia mama mkwe tayari mdomoni.

Kisu kilikuwa chini. Ndizi imemenywa nusu. Hakukuwa na mtu.

Niliangalia chooni, nikakimbia hadi barabarani kwenye bodaboda, nikarudi. "Mtoto yuko wapi? Mama yuko wapi?"

"Watakuwa kwa jirani," mume wangu akasema bila kugeuka.

"Weka na ya pili tulinganishe," akasema mwalimu.

Wakaweka. Nikaingia kibanjani peke yangu na ngurumo ile ikinisukuma mgongoni. Mimi kwetu ni Ngenge kule Muleba, nimeolewa hapa. Kibanja hiki sikijui kila kona. Najua tu kuna mashimo ya kuivishia ndizi za pombe, na mashimo yale hayamwambii mtoto "angalia". Niliita. Mwanangu ni mtoto wa kuitika, hata usingizini huitika. Hakuitika. Nikaita tena.

Nikaona kandambili moja. Ndogo. Ilikuwa ukingoni mwa kile kibonde tunapotupia maganda.

Mama mkwe alikuwa humo ndani, amejikunja, amejifunika majani makavu ya mgomba. Mtoto alikuwa chini ya kifua chake. Mkono wake ulikuwa juu ya mdomo wa mtoto, mdomo na pua. Nilichoona ni macho ya mwanangu tu.

"Mama, waitu," nikamsihi, "ni mimi. Mwachie."

Aliniangalia kama mtu asiyenijua. "Shuka," akasema kwa Kihaya. "Shuka, watakuona!"

Nilimshika mkono nikavuta. Akakaza zaidi. Mwanamke yule hawezi kubeba dumu la maji, lakini mkono ule sikuuweza.

Basi nikashuka. Nililala kwenye maganda yaliyooza, nikajisogeza hadi bega lake. "Nimeshuka, Mama. Tupo wote."

Mkono ukatoka kwa mtoto ukaja mdomoni kwangu. Ulinuka utomvu wa ndizi. Nilisikia mwanangu akivuta pumzi, kwa mkwaruzo, na sikuthubutu kusogea. Tukalala hivyo hadi uani kukawa kimya.

"Imepita," akasema mama mkwe.

Wanaume walitukuta tukipanda. Fundi alikuwa ameshika simu.

"Bibi kakimbia sauti ya kwanza au ya pili?" akauliza.

"Ya kwanza," mume wangu akasema polepole. "Mke wangu aliuliza kabla ya ya pili."

"Si nilisema!" Mwalimu akapiga kofi. "Kumi na saba!"

Wakapeana mikono. Pale pale ukingoni.

"Mwanangu alikuwa anakosa pumzi," nikasema, "nyie mnapeana mikono?"

"Mama watoto, sauti. Kuna wageni."

"Wageni waende kwao."

"Mwanangu," mwalimu akaniambia, "sisi tulitaka ukweli tu."

Nikamgeuzia uso wa mtoto, alama za vidole bado nyekundu mashavuni. "Huu hapa. Uandike kwenye kikundi chenu." Na kwa fundi nikasema, "Hiyo spika ukiiwasha tena hapa, utaifuata chooni." Sikupiga magoti kuaga mtu. Nyuma yangu mama mkwe alikuwa ameshaanza kuuliza kama moto wa jikoni umezimika.

Usiku ule ndipo mume wangu aliponiambia kwamba pale baba yake alichimba handaki wakati wa vita. Miaka yote nalijaza maganda, hakuna aliyenieleza.

Siku hizi wanakutana kwa fundi, mjini. Lakini uwanja wa ndege wa Bukoba sina pa kuupeleka. Jana nilikuwa nafua, ndege ya abiria ikashuka upande wa ziwani. Mwanangu akaacha kucheza. Hakulia, hakunikimbilia. Alichuchumaa, akajiziba mdomo na pua kwa kiganja chake mwenyewe.

Niliacha nguo kwenye beseni nikachuchumaa naye. Nikaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja, mikono yangu ikiteleza kwa sabuni.