Vipimo vya Bi Harusi

Baada ya kuchoka kudandia malori Kilindini, nilipata kazi ambayo sikujua kama ipo duniani: kulinda viuno vya watu. Kampuni yenyewe ilikuwa fleti moja Tudor. Vijana wake walikuwa wametengeneza programu ya simu inayohifadhi vipimo vya wateja wa mafundi cherehani: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mimi, niliyeiacha shule mapema, niliwekwa kupokea simu kwa kuwa sichoki kuuliza maswali.

Meneja alinikalisha akanieleza sheria ya kulinda data. Kipimo cha mtu ni siri yake, hapewi mwingine bila ridhaa yake. Anayepiga simu sharti kwanza ataje jina la mama yake, mwaka aliozaliwa, na chuo cha kwanza alichosomea Kurani.

"Mambo ambayo mwenyewe tu ndiye anayejua," akasema.

Mwenyewe tu! Mji wa Kale, ambako kila mtu anamjua mwenzake hadi bibi yake!

Bi harusi mmoja alikuwa ametuonya. Shangazi yake alitaka kumshonea gauni la siku ya kupambwa, na mishono ya shangazi ilijulikana mtaa mzima: marinda juu ya marinda, mtu akatoka kama keki. "Akipata vipimo atashona," aliniambia, "na akishona sina budi kuvaa. Shangazi hakataliwi. Tafadhali, kaka yangu."

Haukupita muda, simu ikalia.

"Salaam aleikum, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mimi ndiye bi harusi. Nipe vipimo vyangu."

"Mbona sauti ya mtu mzima?"

"Nina mafua."

Nikauliza jina la mama. Akalitaja, akaongeza la bibi, na la bwana aliyemposa bibi akakataliwa. Mwaka wa kuzaliwa? Akautaja, akaniambia na mvua iliyonyesha alfajiri hiyo. Chuo? Akakitaja, na kosa alilochapiwa huko.

Meneja akaninong'oneza nitumie kinga ya mwisho: nambari ya siri inayokwenda kwenye simu ya mteja mwenyewe. Nikaituma.

"Ngoja," sauti ikasema. "Simu yake i hapa, yapata moto kwenye chaji." Akanisomea tarakimu moja moja, kwa raha zake.

"Simu ya nani, shangazi?"

"Na wewe ni mtoto wa nani, hata unizuie? Nambie mamako nani!"

"Hiyo nayo ni data binafsi, shangazi."

Akakata.

Jioni bi harusi, aliyeiona ile nambari kwenye simu yake, akaja na tuktuk, anahema. "Futa vyote!" Sheria ilimruhusu, lakini meneja akashikilia kwanza ajibu maswali. Kwenye chuo akakwama.

"Nilikuwa mdogo, nitakumbuka vipi?" Akatoa simu, akampigia shangazi kumuuliza.

Ilibidi tukubali kitambulisho. Tukafuta mbele ya macho yake, akaondoka anacheka.

Wiki ya harusi akanipigia, karibu kulia. Gauni limeletwa. Marinda yapo, na limemkaa sawasawa, hata begani ambapo fundi wake hukosea kila mara. Alipouliza vipimo vimetoka wapi, shangazi alimjibu, "Nimekubeba mgongoni, nikupime cha nini?"

Nikampa pole, nikamhakikishia kwetu hakikubaki chochote.

"Najua, kaka," akasema. "Lakini kile kichwa chake mtakifuta vipi?"