Mfalme Aliyelifuta Jina Langu kwenye Jiwe

Msicheke kwanza. Haya yamenifika mie mwenyewe, mchana kweupe, hapahapa Maskati, na wala sikuwa na homa.

Mie na mke wangu Zuwena tulikwenda kutembea Uturuki, mji wa Van. Kule makumbusho nikaona jiwe la wafalme wa Urartu, watu wa zamani hizo, limechongwa herufi kama misumari. Mwenye kututembeza akatusomea: mfalme fulani, mwana wa fulani, kaijenga nyumba hii, kabla yake hapakuwa na kitu, na atakayelifuta jiwe au kusema "nimejenga mie", miungu yao imwangamize. Wallahi nikalipenda.

Nyumba yetu ya mtaa wa Bustan, hapa Maskati, ndiyo kwanza imekwisha. Wengi hapa huweka juu ya mlango jiwe la "hadha min fadhli Rabbi", yaani hii ni fadhila ya Mola wangu. Mie nikataka na jina langu chini yake, na kwamba nimejenga mie, kabla yangu hapakuwa na kitu. Nikamwambia Zuwena. Miaka mitatu yeye ndiye aliyegombana na mafundi juani, yeye ndiye aliyepanda juu ya paa na buibui lake. Mie? Nilikuwa barazani kwa wenzangu nakunywa kahawa. Asubuhi yake akafunga sanduku, akenda zake kwa dada yake.

Nikasema atarudi akiliona jiwe. Ndiyo akili yangu hiyo. Nikenda mtaa wa Ghala, kule kwenye magereji, kwa fundi wangu wa mawe. Jiwe tayari, fundi kenda kuswali adhuhuri. Nikamkuta mtu kasimama mbele yake, mrefu, ndevu za mawimbi, kavaa joho la sufi mwezi wa sita, na jasho hana hata tone. Nikadhani mteja.

"Sheikh, hili langu," nikamwambia. "Lako litakuwa kule nyuma."

Akaniuliza, kwa Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu, "Weye ulibeba jiwe gani?"

"Sikubeba."

"Ulichanganya udongo?"

"Tulikuwa na mafundi."

"Hata mie mfalme nilibeba jiwe la mwanzo. Nani kaijenga?"

Nikasema, "Zuwena." Akapitisha kidole juu ya jina langu, likafutika kama unga mezani. Kupepesa jicho, hayupo. Fundi aliporudi akanigombeza mie kwa kumharibia kazi.

Nikenda moja kwa moja kwa shemegi yangu, nikamweleza Zuwena yote, nikamwomba radhi. Kisa hakukiamini hata neno. Radhi aliipokea, ila akasema maneno ya jiwe atayatunga yeye.

Mpaka leo, mgeni akiisifu nyumba nikajisahau nikasema "nimejenga", AC zote zinazimika, na joto la hapa mnalijua. Basi nyie mnaojenga, kabla hamjaandika majina yenu ukutani, jiulizeni mlikuwa wapi siku ya zege. Mie swali langu limeshajibiwa, jibu lipo juu ya mlango, kila mgeni analisoma: Kaijenga Zuwena. Mumewe alikuwa anakunywa kahawa.