Baiskeli Yangu na Kichanga cha Vihingo

Wiki iliyopita nilikwenda kituo kimoja cha polisi, upande wa Kisarawe, kuripoti baiskeli yangu iliyoibwa. Mbele yangu alisimama bibi mmoja kutoka Vihingo, amempakata mjukuu mchanga ambaye hata kitovu kilikuwa hakijadondoka.

Bibi alifunua khanga. Mkono mmoja wa mtoto ulikuwa umevimba kuanzia begani.

"Baba yake kamvuta, kamtupa kitandani," alisema. "Eti analia sana. Mwanangu, huyu akirudi mle ndani atakufa."

Askari aliutazama mkono ule, kisha akatazama dirishani.

"Pole, mama. Lakini mambo ya nyumbani yanaanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kasemaje?"

"Kasema mtoto ni wake."

"Wake nani?"

"Wake yeye, mwanangu. Mjumbe wetu ndiye mkwe wangu, huyo huyo baba wa mtoto."

Askari alijikuna shingo. Nilidhani atanyanyuka.

"Basi mrudie, mama, umweleze kwa upole. Akishindikana, akupe barua uje nayo hapa."

Bibi alimwangalia kwa muda, labda akingoja acheke. Hakucheka. Akamfunika mtoto, akageuka kuondoka.

"Mfunike vizuri, mama," askari alimwambia. "Nje kuna upepo."

Nikasogea kaunta. Baiskeli yangu ilishughulikiwa pale pale, na askari wawili wakatumwa kuitafuta. Hakuna aliyeniuliza kama nimepitia kwa mjumbe.