Sukari ya Kumwona Mjukuu

Awiti wa Gitothua hajawahi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, na anayebisha aende akamwulize jirani yake Wavinya. Wavinya alipolazwa na malaria, Awiti alimpelekea jogoo mkubwa hata manesi wakauliza ni nani mgonjwa kati ya Awiti na jogoo, wamtafutie kitanda. Ndivyo alivyo tangu alipotoka Siaya akiwa msichana, akachuma kahawa katika mashamba ya Ruiru, kisha akaingia kiwandani kushona suruali za watu wa ng'ambo wenye miguu mirefu kama ngazi. Mshahara ulikuwa mwembamba, lakini kikapu chake kilikuwa kinene siku zote.

Sasa basi, binti yake Becky aliolewa na Ndegwa wa Theta, na Mungu akawapa mtoto wa kike. Kutoka Gitothua hadi Theta si mbali. Mtu mwenye hasira anaweza kufika kwa miguu kabla hasira haijaisha. Lakini mtoto alifikisha miezi minne na Awiti hajamtia machoni, ila kwenye simu, na simu yenyewe ilikuwa na ufa uliopita katikati ya pua ya mtoto.

Sababu ilikuwa sukari.

Kwenda kuona mtoto kwa wakwe si kama kwenda kuazima chumvi. Mama wa msichana hubeba sukari, unga wa ngano, mafuta na majani ya chai. Wanawake wa upande ule hukupokea kikapu mlangoni wakisema wanakusaidia mzigo, kumbe wanapima uzito. Hawasemi neno. Watasema ukishaondoka. Na mwaka huo vitu vilikuwa vimeshikwa na ugonjwa wa kutofika. Redio ilieleza kwamba meli zimeogopa njia fupi zikachukua ndefu, na lori nazo zimekwama mahali mvua ilipokata barabara. Halafu mkubwa fulani akaja hewani akasema hakuna upungufu wowote, wananchi waache tu kula kwa wasiwasi.

Pale kona, mwenye duka Macharia alikuwa na ubao wa kuandikia bei kwa chaki. Alifuta na kuandika, akafuta na kuandika, mpaka ubao ukatoboka, na kupitia tundu ulikuwa unaona rafu tupu. Mafuta aliyapima kwa kifuniko cha chupa. Mkate ulikuwa umekonda hivi kwamba ukiukata mara mbili unabaki na kisu. Watu wa Gitothua walikoroga chai kwa mazoea tu, kijiko kisikike, jirani asijue.

"Macharia, sukari imefika?" Awiti aliuliza kila asubuhi.

"Iko njiani, mama."

"Njia gani hiyo? Hata mimi nilikuwa njiani, nikafika."

Becky, aliyekuwa amesharudi kazini saluni kule Juja na kumwacha mtoto na mama mkwe wake, alipiga simu kila Jumapili. "Mama, unakuja lini? Mtoto ameanza kucheka."

"Magoti yananisumbua," Awiti alisema. Magoti hayo yalikuwa yamezunguka maduka kumi na manne siku iliyotangulia.

"Njoo tu bila kitu."

"Ili mama mkwe wako aseme mimi nilikuja kupunga hewa? Hebu niambie, yeye anasemaje?"

"Anasema ungoje. Eti njia ya kwetu ina matope."

Kulikuwa na jua la kukausha hata mate mdomoni. Awiti alikata simu akakaa kitandani. Wiki iliyopita Wamboi, yaani huyo mama mkwe, alikuwa amesema mtoto ana mafua. Wiki ile nyingine alisema wanapaka nyumba rangi. Awiti aliona wazi kwamba hawamtaki. Watamlea mtoto mpaka aote meno, aende shule, aolewe, bila kujua ana shosho mwingine, bibi wa upande wa mama, Gitothua. Usiku huo aliota mtoto amekuwa mwanamke mzima, anamwuliza njiani, "Mama, unatafuta nani?"

Basi Alhamisi habari zikafika kiwandani kwamba supamaketi moja ya Thika imepata sukari, pakiti moja kwa kila mtu. Awiti aliacha suruali ikiwa na mguu mmoja.

Laini ya Thika ilikuwa ya kusimuliwa. Ilitoka mlangoni, ikazunguka jengo, ikavuka barabara, ikarudi, mpaka watu wa mkia walifika mlangoni kwa upande wa pili wakaanza kujigamba kwamba wao ndio wa kwanza. Mlangoni alisimama soja aitwaye Dalmas, mwenye rungu na huruma kidogo. Alipoona akina mama wanachomwa na jua, alitangaza, "Wenye watoto mgongoni, pita mbele."

Kosa kubwa. Kabla hajamaliza sentensi, watoto wakaadimika kuliko sukari. Mwanamke mmoja alimfunga mgongoni kijana mwenye ndevu, miguu ikaburura chini, akarudishwa. Wengine wakaanza kuazimana. Mtoto anaingia na huyu, anatoka, anaingia na yule.

Awiti alikuwa amesimama kwa saa tatu pale mwanamke mwenye sweta ya kijani alipomgusa bega. "Mama, unataka mtoto? Huyu sasa hivi hana mtu."

"Ni wa nani?"

"Wa shosho mmoja yuko pale kivulini. Ukimaliza umpelekee. Hana shida, halii."

Mahali pengine Awiti angekataa. Alikuwa Mkristo wa kukaa benchi la mbele. Lakini alifikiria kikapu chake, akainama, akafungiwa mtoto kwa leso. Hakuwa amebeba mtoto mgongoni tangu Becky. Uzito ule mdogo ulijilaza katikati ya mabega yake, ukapumua, na Awiti akasahau kutembea mpaka akasukumwa. Aliwaza: wa watu nabeba, wangu nimenyimwa.

Dalmas alimtazama mtoto kwa makini. "Mama, huyu namjua."

"Umjulie wapi?"

"Amepita hapa mara sita. Ona, hata ananichekea."

"Ni wa kuchekacheka. Fungua."

"Huyu ana sukari kuliko mimi ninayeilinda," Dalmas alisema. "Ingia, lakini ukitoka mwambie apumzike."

Awiti alinunua pakiti yake, akaenda kivulini kurudisha mali ya watu. Na huko, juu ya ndoo iliyopinduliwa, pakiti mapajani, alikuwa ameketi Wamboi wa Theta.

Walitazamana kama watu waliofumaniana kwa mganga.

"Mama Becky," Wamboi alisema.

"Mama Ndegwa."

"Naona magoti yamepona."

"Leo yameamka. Na matope?"

"Yamekauka kauka."

Awiti alielekeza kidevu mgongoni. "Nimeambiwa mtoto huyu ni wa shosho aliye kivulini."

Wamboi aliangalia pakiti yake. "Nilimwazima jirani yangu wa laini mara moja tu. Yeye akamwazima mwingine. Lakini nilikuwa nawahesabu wakitoka, haki ya Mungu."

Awiti hakusikia yaliyofuata. Alifungua leso, akamzungusha mtoto mbele. Paji la uso lilikuwa la marehemu mume wake Owino, pana, la kubishana. Hakuna ufa puani. Mtoto akamcheka kama alivyomcheka soja.

"Mlikuwa mnanificha," Awiti alisema polepole.

"Nikufiche? Ungekuja, ningekupikia chai ya nini? Na kikapu chako ningekirudisha na nini, mkwe wangu? Nyumba yote haina kijiko cha sukari. Nikasema afadhali unione mwongo kuliko unione maskini."

"Nami sikuwa na cha kuleta."

Miezi minne ilipita hapo katikati yao, ya bure kabisa.

Kisha Awiti akasimama, mtoto mkono mmoja. Akavuta gauni chini kama mtu aliyefika mlangoni, akatoa pakiti yake. "Nimekuja kuona mtoto."

Wamboi naye akasimama. Aliipokea, akaipima kidogo kwa mkono, hakuweza kujizuia. "Karibu sana. Umetuheshimu." Halafu akachukua pakiti yake mwenyewe, akamkabidhi. "Na hii ya kurudi nayo, usitoke kwetu hivi hivi."

Pakiti zilikuwa za kampuni moja, kilo ile ile.

Dalmas alikuwa amesogea kusikiliza. "Sasa si kila mtu angebaki na yake?"

"Wewe huna wakwe," Wamboi alimwambia. "Rudi mlangoni."

Kisha Wamboi akanyoosha mikono apokee mtoto, kwa maana safari ya Theta ilikuwa mbele yao. Awiti alikuwa ameshamrudisha mgongoni na anakaza fundo.

"Bado," alisema. "Leo amebebwa na wanawake saba, na wote walikuwa na haraka. Wewe beba sukari."