Suruali ya Gaël

Siku Othmani alipomtia machoni Gaël kwa mara ya kwanza, chumba kiliingia giza. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Julai limekaa vizuri mlangoni, naye ameinama kwenye cherehani akipachika zipu ya sketi ya shule. Alidhani mtu ameegesha gari mbele ya mlango. Akainua kichwa. Kumbe alikuwa ni mtu.

"Fundi, leo umeletewa kabati," alisema Nasra, msusi wa Kitanzania aliyekodi naye chumba hicho, chini ya ghorofa kuukuu la mtaa wa Berea, Johannesburg. Upande wa Nasra ulikuwa na kioo na viti viwili. Upande wa Othmani, cherehani, meza ya kukatia na pasi.

"Habari ya asubuhi, Tonton," likasema kabati, likimwita mjomba kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyetumwa chumvi. "Mimi Gaël, mtoto wa Mama Brigitte wa huku juu, ghorofa ya tano. Nataka unipime."

Othmani hakuwa mtu wa maneno. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akasoma mpaka darasa la sita, akafundishwa kushona na mjomba wake, na miaka yake ishirini na miwili ya Johannesburg ameipitisha zaidi kwa kusikiliza. Akachukua utepe, akaanza na kiuno.

"Hapana, Tonton. Sitaki nguo. Nipime mapaja tu."

Nasra alicheka mpaka kitana kikamponyoka.

Gaël hakukasirika. Alivuta kigoda, kigoda kikalia, akaeleza. Alikuwa amerudi kutoka Marekani, alikokuwa akicheza mpira wao, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama magari. Goti la kushoto lilikuwa limekatika mara mbili, likapasuliwa mara mbili, na paja la upande huo likasinyaa. Timu moja ya kule ilimwahidi majaribio ya wiki mbili mwezi wa Oktoba. Lakini daktari aliyempasua alimwonya: asikanyage uwanja mpaka tofauti ya mapaja iwe chini ya sentimita moja. Goti likikatika mara ya tatu, atatembea kwa fimbo kabla hajafika miaka thelathini na mitano.

"Si uvute utepe ujipime mwenyewe?" aliuliza Nasra.

"Nikijipima najidanganya, dada. Tonton hanijui. Hawezi kunidanganya."

Othmani akapiga magoti, akapima kiganja kimoja juu ya goti. Kulia sabini na moja. Kushoto sitini na sita. Akaandika nyuma ya daftari lake la vipimo, na tangu siku hiyo kila Jumamosi Gaël akawa anakuja.

Alikuja na hadithi. Alisimulia kwamba kule jina lako juu ya kabati la nguo halichongwi, linaandikwa kwenye kipande cha karatasi ya gundi, kwa sababu wiki ijayo huenda likabanduliwa. Kwa miaka minne alikuwa katika timu tatu, na karibu muda wote alikuwa kwenye kikosi cha mazoezi, wale wanaosimama wagongwe ili wenzao wajizoeze. Mechi za kweli alicheza kumi na moja tu. Kazi ikiisha, hakuna barua. Anakuja kijana mmoja, anakugusa bega: mkuu anakuita, njoo na daftari lako la mbinu. Ukiona kijana huyo anapita kwenye ujia, wanaume wa kilo mia na arobaini wote wanatazama viatu vyao.

"Na wewe ukafanyaje?" aliuliza Nasra.

"Nilifunga kamba za viatu. Mara ya pili nikafunga tena, zikiwa zimeshafungwa."

Walicheka wote. Othmani alitazama vidole vya Gaël: viwili havikunyooka. Aliona pia, Jumamosi moja ya baridi, jinsi alivyoshuka ngazi za ghorofa. Lifti ilikuwa imekufa miaka mingi. Gaël alishuka kinyumenyume, ameshika ukuta, ngazi moja moja. Alipofika chini alijinyoosha, akaingia kwa Othmani akipiga mluzi.

Wiki ya tatu utepe ulisoma sitini na sita na nusu. Gaël alikuwa amefanya mazoezi kila siku, akipanda vilima vya Yeoville na gunia la mchanga mabegani.

"Ngapi, Tonton?"

Othmani alimtazama usoni. Aliona jicho la mtu anayengoja kuguswa bega.

"Sitini na saba," alisema.

Gaël alimnyanyua yeye na utepe wake, miguu ikaning'inia. Nasra akapiga vigelegele. Na kwa kuwa wiki hiyo ilikuwa sitini na saba, wiki iliyofuata haikuweza kurudi nyuma. Othmani alilegeza utepe kidogo kwa kidole gumba, kama fundi anavyompa mteja nafasi ya kupumua. Akasema sitini na saba na nusu. Halafu sitini na nane. Katika daftari aliandika vipimo vya kweli, kwa sababu mkono wake haukuzoea kuandika vingine. Mwisho wa Septemba mdomo wake ulikuwa umefika sabini na robo. Daftari lilikuwa sitini na saba.

Jumatatu yake Mama Gaël mwenyewe, yule Mama Brigitte wa ghorofa ya tano, alishuka, akiwa na kitambaa cha kijivu kizuri.

"Fundi, mwanangu anasafiri Alhamisi ijayo. Kanisa zima wanajua. Mshonee suruali ya safari, asiingie kwa Wazungu kama mkimbizi."

"Sawa, Mama Gaël."

Kitambaa kilikaa mezani siku tatu. Kila Othmani alipokigusa, aliliona goti. Mara mbili alipanda mpaka ghorofa ya nne akiwa na maneno tayari mdomoni, na mara mbili alishuka nayo. Siku ya nne alifungua daftari, akashika chaki.

Fundi yeyote akikuta miguu haijalingana hukata yote miwili kwa kipimo cha ule mkubwa, na suruali humsitiri mtu. Othmani alikata kila mguu kwa kipimo chake.

Jumamosi Gaël akaijaribu nyuma ya pazia, akatoka.

"Eish!" alisema Nasra. "Huyu sasa ni balozi."

Ilimkaa kama ngozi. Gaël alijigeuza mbele ya kioo, akacheka, akarudi kuivua. Kisha akaiweka mezani aikunje, mguu juu ya mguu. Miguu haikukutana. Akaitandaza, akakunja upya.

"Tonton, hapa umekosea."

Othmani alikuwa amekazia macho sindano. "Sikukosea."

Nasra aliacha kusuka.

"Huu ni ngapi?" aliuliza Gaël polepole.

"Sitini na saba. Ule, sabini na moja."

"Leo?"

"Leo. Nilianza kukudanganya wiki ya tatu. Ulikuwa umefurahi, nikashindwa."

Gaël aliulaza mkono wake mkubwa juu ya kitambaa. Kisha akatoka, suruali akaiacha palepale.

Alhamisi ilipita. Ijumaa Mama Gaël alishuka, na Othmani akasimama kungoja matusi. Mama aliketi, akaomba maji.

"Hakupanda ndege," alisema. "Jana nimemwona anavyoshuka ngazi. Kinyumenyume, fundi! Miezi mitatu alikuwa ananificha, anangoja nitoke kwanza. Na habari ya suruali kanieleza. Mungu akubariki wewe na makasi yako."

Othmani akampa maji mengine.

Baada ya mwezi Gaël alirudi. Shule moja ya Midrand ilikuwa imempa kazi ya kuwafundisha wanafunzi raga, hasa namna ya kumwangusha mtu bila kumvunja wala kujivunja, na chumba cha kukaa hukohuko, cha chini, kisicho na ngazi. Tangu hapo habari zake Othmani anazipata kwa Mama Gaël: amenenepa, wanafunzi wanamtania, goti linamsumbua mvua zikikaribia tu.

Siku hiyo ya kurudi alikuja kuchukua suruali yake. Aliivaa palepale, akamshika Othmani mkono kwa mikono miwili, akamwacha Nasra amtanie anavyotaka. Alipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, aligeuka, Othmani bado amesimama mlangoni na utepe shingoni, akapaza sauti juu ya kelele za magari:

"Jumamosi usiningoje, Tonton! Tuna mechi!"