Simu Alizozikata Idrissa

Kaka yangu Idrissa ana kichwa kigumu kuliko vyuma anavyovichomelea, na leo nimechoka kumtetea.

Kwa miezi sita alikuwa fundi wa kontra, wa mkataba wa muda, katika karakana ya mashua za chuma kando ya Lualaba. Kontra yake ilikuwa iishe mwisho wa Machi, naye alitaka jambo moja tu duniani: iongezwe, ili mashua kubwa aliyoianza kutoka kwenye mbavu tupu aishushe majini kwa mikono yake. Miaka kumi alikuwa ametangatanga katika migodi ya Kama na Punia akifunga mapampu ya wachimbaji. Safari hii alikuwa amepata kazi ya kulala nyumbani.

Simu zikaanza Januari. Namba asiyoijua, sauti ya kijana, tena daima kwa maneno yale yale: "Fundi Idrissa? Kazi iko." Kaka anajibu, "Niko na kazi," anakata. Kesho namba nyingine. Ilimpigia akiwa msikitini siku ya Ijumaa, ikampigia matangani kwa Mzee Kalonda jeneza likitolewa, watu wakamtazama kama mchawi. Majirani wakamtania kwamba amepata mchumba huko Kailo. Ujumbe ulioandikwa aliufuta bila kuusoma. Kazini alizima mlio kabisa, na hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa Mama Emerance, mwenye karakana, asije akadhani fundi wake anatafuta pa kukimbilia. Nami nilimsifu kila alipokata. Hilo nalikiri.

Hakuuliza hata mara moja kazi yenyewe iko wapi. Msicheke. Kwetu swali hilo haliulizwi.

Wakati wa vita, mwaka wa tisini na tisa, alipita mtaani kwetu mtu mwenye shati safi na daftari la shule. Alisema kazi iko. Hakutaja kazi gani wala wapi. Vijana wengi waliinamisha vichwa wakanyamaza. Kaka yetu mkubwa, Ramazani, mwenye adabu zake, alimuuliza, "Kazi iko wapi, papa?" Yule mtu akatabasamu, akamuuliza jina, akaliandika. Asubuhi yake wakaja askari na daftari lile lile, wakasoma majina. Waliouliza ndio walioandikwa. Ramazani alibebeshwa masanduku ya risasi njia ya Punia, na mpaka leo hatuna kaburi lake. Mama alituketisha chini, Idrissa na mimi, akatuapisha kwamba mtu akija na kazi tusimuulize iko wapi, tuseme tunayo, tuondoke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama alikufa akiwa bado anashtuka.

Basi Machi ikaisha. Siku ya kwanza ya Aprili, Idrissa alivaa ovaroli yake aliyoifua, akaenda karakana akitumaini kontra imeongezwa. Mlinzi langoni alikuwa na orodha mpya. Mafundi wote saba walikuwamo, isipokuwa yeye. Mahali pake palikuwa na jina la kijana mmoja, Exaucé, aliyejifunza kuchomelea mikononi mwa Idrissa mwenyewe.

Mama Emerance alitoka akaona haya, nami nilimsamehe kwa sababu ya haya ile. Alieleza kwamba tangu Januari mambo ya kuajiri alimwachia wakala mmoja wa Kisangani, Destin, anayefanya kila kitu kwa simu yenye kadi nyingi. Alimwagiza aanze na Idrissa kabla ya wote. Destin akamrudishia jibu kwamba fundi huyo amekataa, tena kwa ukali, naye Mama Emerance hakutaka kumbembeleza. Wenzake nao walikuwa wameshakubali tangu Februari, na kila mmoja alidhani Idrissa naye amekubali.

Idrissa akampigia Destin pale pale langoni. Yule kijana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Nilikuita mara kumi na tisa, papa. Kila mara ulikata."

"Juu ya nini haukusema kama kazi njo hii yangu?"

"Haukuniuliza iko wapi."

Mashua ilishushwa Mei. Idrissa hakwenda kuiangalia. Mimi nilikwenda, nikaiona inaelea vizuri, nikarudi na hasira. Wiki nzima nikamsema. Nikamwambia vita vimekwisha zamani, kwamba mtu mzima anashindwa kutamka maneno matatu, kwamba Mama alituachia woga badala ya shamba. Alinisikiliza akinoa panga.

Jana tulikuwa barazani tunamenya mihogo, simu yake ikalia. Namba ngeni. Akaweka sauti nje nami nisikie. Mwanamke, sauti ya upole, akasalimu, kisha akasema, "Fundi, kazi iko."

Idrissa aliitazama simu, halafu akanitazama mimi. Akaninyooshea.

"Uliza weye, Aïcha."

Nikaipokea. Yule mwanamke alikuwa akingoja, nilimsikia anapumua. Nikafungua mdomo. Nikaona daftari la shule, na Ramazani akilitaja jina lake polepole ili mgeni asilikosee.

"Fundi ako na kazi," nikasema, nikakata.